Unangoja Nini?

Waswahili wametuachia methali mbili zinazogombana. Moja inasema subira huvuta heri. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ukiwa mkimbizi, ile ya kwanza utaimbiwa na kila mtu: mchungaji, shehe, mwenye nyumba, na kijana wa shirika aliyevaa kizibao chenye nembo. Ile ya pili hakuna wa kukuimbia, tumbo lenyewe litakufundisha.

Swali langu ni hili: ni lini mtu ana haki ya kumwambia mwenzake "ngoja"? Siulizi kama kungoja ni kubaya. Mkulima anangoja mvua, mjamzito anangoja mwezi wa tisa, na hakuna anayewaonea. Nauliza kungoja kwa namna gani ni halali, na kwa namna gani ni dhuluma inayosemwa kwa sauti ya upole.

Jibu nililo nalo nimelipata katika kazi ya mikono yangu, kwa hiyo mtanivumilia nikianza na mambo ya mashine. Mimi ni mtu wa Uvira. Natengeneza simu na kompyuta Buyenzi, hapa Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili unakisikia gereji, sokoni na msikitini. Simu nyingi zinazofika mezani kwangu ni za Android, na chini ya kila Android kuna Linux, programu iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi huko Ufini. Sehemu yake ya ndani kabisa inaitwa kerneli. Kerneli ndiyo inayosimamia kila kitu: kumbukumbu, umeme, skrini, kamera, spika.

Lakini kerneli haijui kuongea na kila kifaa. Kamera ina lugha yake, skrini ina yake. Kwa hiyo kila kifaa kina mkalimani wake, programu ndogo inayoitwa draiva. Ninyi mnaokaa kambini mnajua kazi ya mkalimani. Bila yeye, unaweza kukaa mbele ya afisa saa nzima, mkatazamana tu.

Sasa, vifaa vinategemeana. Kamera haiwezi kuamka kabla ya chipu inayoipa umeme kuamka. Inahitaji pia saa ya kupiga mapigo, na inahitaji njia ya kupokea amri. Kama draiva ya kamera ikiitwa mapema, wakati draiva ya umeme bado haijasimama, kuna ugomvi. Mmoja anadai kitu ambacho mwenzake hajawa tayari kukitoa. Na simu moja ina vifaa vya namna hiyo kwa makumi, kila kimoja kimeshika nguo ya mwenzake.

Zamani ugomvi huu ulitatuliwaje? Kwa kweli haukutatuliwa. Draiva ziliamshwa kwa ngazi zilizopangwa, na ndani ya ngazi moja zilifuata mpangilio wa mafaili yalivyounganishwa wakati programu inajengwa. Kama wako lilitangulia, uliitwa kwanza. Draiva iliyoitwa ikakuta anayemtegemea hayupo, ilikuwa na majibu mawili tu ya kutoa: nimefaulu, au nimeshindwa. Ikisema nimeshindwa, basi, imekwisha. Haiitwi tena. Kamera nzima, nzuri kabisa, inahesabiwa kuwa imekufa kwa sababu tu iliitwa dakika isiyo yake.

Watengenezaji walifanya nini? Walivuta draiva zao zipande ngazi ya mbele, ziamke kabla ya wengine. Mwingine naye akivuta yake. Sisi wa Bujumbura tumeiona hali hiyo kwenye foleni za esansi miaka hii ya karibuni. Ukisikia mafuta yatakuja saa kumi na mbili, unaenda saa tisa za usiku. Jirani akijua, anaenda saa nne za usiku. Mwisho magari yanalala barabarani, na mafuta hayajaongezeka hata lita moja. Foleni ya namna hiyo inampa yule mwenye nguvu za kukesha. Mwenye mtoto mgonjwa nyumbani anakosa, na hakuna anayeweza kusema kwamba ameonewa, maana "alichelewa".

Mwaka 2012 Linux ilipata jibu la tatu. Draiva ikiitwa na kukuta anayemtegemea hajafika, iliruhusiwa kusema: bado. Jibu hilo lina namba yake, 517. Maana yake: mimi ni mzima, kifaa changu ni kizima, lakini kuna mtu namngoja; niiteni tena. Kerneli inapopokea 517 haimfuti mtu. Inamwandika kwenye orodha. Na kila mara kifaa kingine chochote kinapofaulu kuamka, kerneli inarudi kwenye ile orodha na kuwaita tena waliomo. Labda aliyefaulu sasa hivi ndiye aliyekuwa anangojwa. Kama siye, wanarudi kungoja, na mwingine akifaulu wanaitwa tena.

Tuangalie hapo kuna nini. "Bado" siyo "hapana". Watu wengi wanadhani tofauti yake ni ya muda tu, kwamba "bado" ni "hapana" iliyopungua ukali. Mimi naona tofauti ni ya wajibu. Nikikuambia hapana, nimemaliza na wewe. Wajibu wa kutafuta mlango mwingine ni wako. Nikikuambia bado, nimebaki na deni. Nimekubali kwamba wewe huna kasoro, na nimejifunga kukuita. Anayesema "bado" halafu hashiki orodha wala haiti tena, huyo amesema "hapana" na kuiba heshima ya "bado". Ni uongo, hata kama aliusema akitabasamu.

Kuna mama mmoja jirani yangu, amevuka mpaka na wajukuu wawili. Alikuja kibandani kwangu kuchaji simu, akakaa. Nikamuuliza mambo yake ya makaratasi yamefikia wapi. Akanijibu kwa Kiswahili chetu cha kule ng'ambo: "Balinambia ningoje. Habakunambia ningoje nini."

Maneno hayo yamekaa nami kuliko hotuba nyingi. Mama hakulalamika kwamba anangoja. Mtu aliyelima maisha yake yote anajua kungoja. Alilalamika kwamba kungoja kwake hakuna jina. Hajui kama wanangoja karatasi kutoka ofisi nyingine, au sahihi ya mkubwa, au kama faili lake lilianguka nyuma ya kabati. Kwa hiyo hawezi kusaidia, hawezi kupanga, na hawezi hata kukata tamaa vizuri akaenda kutafuta kitu kingine.

Linux nayo ilikuwa na kasoro hiyohiyo. Kuna faili ndani yake ambalo fundi anaweza kulifungua akaona vifaa vinavyongoja. Mwanzoni liliorodhesha majina tu. Ulikuwa unaona kamera iko kwenye orodha, lakini inangoja nini, uchimbe mwenyewe. Mwaka 2020 waliongeza jambo dogo: draiva inaposema bado, inaweza kuandika na sababu, na ile sababu inaonekana pembeni ya jina lake. Mstari mmoja tu: "nangoja umeme", "nangoja saa". Kwa fundi, mstari ule ni tofauti ya dakika 5 na siku nzima. Kwa binadamu, nadhani ni tofauti ya kungoja na kufungwa. Mfungwa na mngojaji wote wamekaa mahali pamoja. Lakini mngojaji anajua ni kitu gani kikitokea atainuka.

Hapo nafikia jambo gumu zaidi, yaani duara. Tundu la chaja la simu mpya lina chipu yake, na chipu hiyo inahusiana na kidhibiti cha USB ndani ya simu. Katika maelezo ya mashine, yale yaliyoandikwa na watengenezaji kusema kifaa gani kipo na kinamtegemea nani, tundu linaelekeza kwa kidhibiti na kidhibiti kinaelekeza kwa tundu. Sasa ukifuata sheria kwa ukali kwamba hakuna wa kuamka kabla ya anayemtegemea, hawa wawili hawataamka mpaka kiama. A anangoja B, B anangoja A, na kila mmoja ana hoja safi kabisa. Hakuna mwenye kosa. Ndiyo maana duara ni baya kuliko dhuluma ya kawaida, maana hulioni la kumshika mtu.

Yule mama alikuwa ndani ya duara. Kupata kitambulisho, alihitaji kuacha namba ya simu ili aitwe siku yake ikifika. Kupata laini ya simu kwa jina lake, alihitaji kitambulisho. Ile simu aliyokuja kuchaji alikuwa anaitumia kuangalia picha za marehemu binti yake, basi. Dirisha la kwanza lilimtuma la pili, la pili likamrudisha la kwanza. Wote walikuwa wapole. Wote walifuata sheria.

Kerneli inafanya nini na duara? Kuanzia mwaka 2021 Linux, bila kuombwa, inasoma yale maelezo ya mashine mapema ili ijue nani anamtegemea nani, na isimwamshe mtu kabla ya wakati wake. Ni utaratibu mzuri. Walipouwasha mara ya kwanza, mashine nyingine zilikwama, wakaurudisha nyuma, wakarekebisha, kisha wakauwasha tena. Na ndani yake wameweka kanuni hii: ukikuta duara, legeza kamba za duara lile zote. Usimlazimishe yeyote ndani yake kumngoja mwenzake kwa sababu tu karatasi inasema hivyo. Waamshe, halafu waache wenyewe waseme. Draiva ya tundu ikiitwa, inajua yenyewe kama kweli haiwezi kuanza bila kidhibiti, au kama inaweza kuanza sasa na kukutana naye baadaye. Mara nyingi mmoja wao anaweza kuanza.

Hapa kuna fundisho ninalolipenda sana. Kerneli ina ramani ya mashine nzima, inaona mbali kuliko draiva yoyote. Lakini inajua ramani imeandikwa na watu, na kwamba "anamtegemea" kwenye karatasi siyo lazima iwe "hawezi bila yeye" katika maisha. Ramani ikijifunga yenyewe, neno linarudi kwa wahusika.

Kwa yule mama, duara lilifunguliwa na mtu mmoja kwenye dirisha, kijana tu, aliyemgeukia mwenzake akauliza: "Hii namba ya simu tunaitaka ya nini?" Mwenzake akasema: "Ya kumwita." "Sasa si tumpe tarehe?" Wakaandika tarehe kwenye kipande cha karatasi, nafasi ya namba wakaiacha wazi. Basi. Miezi ya kwenda na kurudi ilifunguliwa kwa swali moja: hitaji hili ni la nini?

Mtu anaweza kusema, kijana yule alivunja sheria. Mimi naona alirudi kwenye sababu ya sheria. Lakini tuseme ukweli, alibeba hatari. Kuacha nafasi wazi kwenye fomu, mkubwa wake angeweza kumuuliza. Kila duara likifunguliwa, kuna anayetangulia bila dhamana. Swali la maadili linakuja hapo: nani atangulie? Mara nyingi tunamwachia mnyonge. Mama akope namba ya jirani asiyemfahamu vizuri, alipe mtu wa kati, aseme uongo mdogo. Anayeweza kupoteza zaidi ndiye anayesukumwa mbele. Mimi nasema iwe kinyume. Aliye upande wa ndani wa dirisha akitangulia, anaweza kuulizwa maswali. Aliye upande wa nje akitangulia, anaweza kupoteza kila kitu. Mizani ya haki haiwezi kuona hayo mawili kuwa sawa.

Kuna kanuni moja zaidi ya kerneli ambayo nataka wagawaji waisikie. Simu inapowaka, nembo inaonekana kwenye skrini kabla draiva ya skrini haijaamka, kwa sababu programu ya mwanzo imeacha njia za data zimefunguliwa. Msimamizi wa zile njia akiamka anaweza kusema: sioni anayetumia hii, naifunga. Akiifunga, skrini inazimika machoni pa mtu. Kwa hiyo Linux imempa sharti: usifunge mpaka wote wanaokutegemea kwenye maelezo wawe wamefika na kusema wanahitaji kiasi gani. Kutoonekana kwa mtu sasa hivi siyo ushahidi kwamba hahitaji.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipoanguka, makumi ya maelfu ya watu wetu walivuka Rusizi kuingia Cibitoke. Wengi walilala uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wengi walihamishwa kwenda Musenyi, huko Rutana. Katika kuhama kama kule familia zinagawanyika: baba yuko kwenye lori la kwanza, bibi amebaki na mgonjwa, mtoto mmoja yuko kwa shangazi Bujumbura. Orodha inayofungwa siku ambayo bibi hajafika inamhesabu kuwa hayupo. Naye yupo. Yuko njiani tu.

Najua hoja ya kunipinga, na ni nzuri. Simu siyo mtu. Kamera ikingoja, haisikii njaa. Kungoja kwake kote ni kwa sekunde, na ikishindikana kabisa unaizima na kuiwasha upya. Mtoto aliyengoja shule miaka miwili hawashwi upya. Nakubali yote. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi. Ikiwa watu waliona ni haki kukipa kipande cha mchanga uliochomwa nafasi ya kusema bado, kuandikwa kwenye orodha, kuitwa tena, na kueleza kinangoja nini, basi kwa mwenye damu hayo ni kiwango cha chini kabisa. Nami nisingeishia hapo. Hata kerneli ina muda wa mwisho. Kama anayengojwa hana dalili ya kuja na siyo wa lazima, muda ukipita vifaa vinaendelea bila yeye. Binadamu tunapaswa kuwa na muda huo pia, na usemwe mapema.

Hoja nyingine huwa inatoka kwa wafanyakazi wa mashirika, nimeisikia wakija kutengenezesha simu zao: "Hata sisi tunangoja. Tunangoja makao makuu, nao wanangoja wafadhili." Naamini. Sijaona mtu anayekaa juu kabisa ya mnyororo asiyemngoja mwingine. Lakini kwenye mnyororo wa simu, kila pete inasema inamngoja nani, na ndiyo maana fundi wa Buyenzi, akiwa na bisibisi na kompyuta ya zamani, anaweza kufuata pete moja baada ya nyingine mpaka aikute iliyokufa. Mkituambia "nasi tunangoja jibu la bajeti, tunalitazamia mwezi wa sita", mmetupa pete ya kushika. Mkituambia "vumilieni", mmetuacha gizani na ninyi mkiwemo humo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Una haki ya kumwambia mtu "ngoja" ukimweleza anangoja nini, ukimwandika mahali ambapo wewe ndiye utakayerudi kumwita, ukimtajia siku ambayo mtaacha kungoja na kufanya vingine, na ukikubali kwamba duara likionekana, wewe mwenye dirisha ndiwe wa kutangulia. Ukikosa hayo, acha kumhubiria subira. Subira ni mali yake, anaitoa mwenyewe akiona sababu.

Na sisi tunaokaa kambini na mitaani tusijitoe kwenye hesabu hii. Kumbukeni jinsi ile orodha inavyofanya kazi: wanaongoja huitwa tena pale mmoja wao anapofaulu. Kufaulu kwake ni habari kwa wote. Lakini kwetu, mtu akipata karatasi yake, mara nyingi ananyamaza. Anaogopa kijicho, au anaogopa kwamba akisema amepitia dirisha gani, litafungwa. Namwelewa. Hata hivyo, jirani yake bado anaenda dirisha lile ambalo yeye alishajua halifunguki siku ya Jumatano.

Yule mama, tarehe yake ilipofika, aliitwa. Siku iliyofuata alipita nyumba tatu za wenzake waliokwama kwenye namba ya simu, akawaambia waulize swali gani na wamuulize nani. Wawili wameshapata tarehe. Wa tatu bado, lakini sasa anajua anangoja nini.